Hatua Thelathini na Nne

Tekla alianguka siku ya Ijumaa, saa nne kasoro robo asubuhi, katikati ya mabomba mawili ya chuma. Mume wake alikuwa karibu naye, juu ya baiskeli, akimhesabia hatua.

Hilo la kuhesabu ndilo lililokuja kumtesa Margwe kuliko yote. Angekuwa amesinzia, angesema nilisinzia, mimi ni mzee. Angekuwa ametoka nje, angesema nilitoka. Lakini sauti yake ilikuwa mle chumbani, nzito na safi, ikitaja namba moja baada ya nyingine bila kuruka hata moja. Macho ndiyo yalikuwa kwingine.

Chumba chenyewe kiko Mbulu mjini, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Vijana wanakiita jimu. Mwenye nacho ni Vicent, mtu wa miaka arobaini hivi, aliyekuwa mkimbiaji mpaka goti lake lilipomkatalia. Ameweka vyuma vya kunyanyua, mashine mbili za kukimbilia, na baiskeli moja isiyokwenda popote. Jumanne na Ijumaa asubuhi anamwachia kona moja Helena, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, awasaidie watu waliopooza. Kwenye kona hiyo ndipo yalipo mabomba: ya maji, yamechomelewa na fundi wa mtaa ule ule, yanafika usawa wa kiuno, mtu anapita katikati huku ameyashika.

Tekla alipatwa na kiharusi mwezi wa kumi, akiwa anachambua maharage. Upande wa kulia wote ukalala. Ulimi ulirudi kwanza, mguu ulichelewa. Kuanzia Januari, yeye na mumewe walikuwa wakishuka kutoka Tlawi mara mbili kwa wiki kwa bajaji ya Joakimu, wamejifunika blanketi moja kwa sababu ya baridi.

Kazi ilikuwa hii: hatua kumi kwenda, hatua kumi kurudi. Zikitimia ishirini, kigoda kiko pale mwanzo wa bomba. Tekla anakaa, anapumua, halafu anaanza upya. Helena aliweka sheria siku ya kwanza kabisa.

"Mama asihesabu mwenyewe," alisema. "Akili yake yote iwe mguuni. Mwalimu, wewe ndiye hesabu yake. Ukisema ishirini, anakaa. Na mkononi mwako kusiwe na kitu chochote."

"Nimeelewa," alisema Margwe.

Alikuwa mtu wa kuelewa. Hakusoma shule utotoni. Alichunga ng'ombe wa baba yake mpaka akaoa. Alikuwa na miaka ishirini na miwili alipoingia darasa la kisomo cha watu wazima, jioni, kwa taa ya chemli. Akasoma, akaandika, akafaulu, kisha akageuka kuwafundisha wenzake. Cheti cha ualimu hakuwahi kukipata, lakini Tlawi nzima ilimwita Mwalimu, naye alilivaa jina hilo kama koti la Jumapili. Hata uzeeni hakuacha. Mwanawe Hilary, aliyeko Dodoma, alimnunulia kishikwambi akakijaza vitabu vyenye maandishi makubwa, na mzee akawa anasoma habari za nyuki, za udongo, za nyota, na tangu mwezi wa kumi, habari za ubongo na kiharusi.

Baiskeli alianza kuipanda kwa sababu daktari alimwambia na yeye ana presha. Ilisimama mkabala na mabomba, kwa hiyo angeweza kukanyaga na kuhesabu kwa pamoja. Helena hakuona ubaya. Ubaya ulianza Vicent alipochomelea kishikio cha chuma mbele ya usukani, kwa heshima tu, ili Mwalimu aweke kishikwambi chake.

"Mwalimu, nilisema mkononi kusiwe na kitu," Helena alimkumbusha.

"Mkononi hakuna kitu, mwanangu. Kiko kwenye usukani."

Helena akacheka. Mtu wa miaka sabini na mitatu, unamkataza mara moja. Mara ya pili unaonekana huna adabu. "Haya. Lakini macho yawe kwa mama."

"Macho yako kwa mama."

Tekla mwenyewe aliichukua kama mzaha. "Baiskeli gani hiyo, Baba Judica? Umeipanda tangu Januari, hata Dongobesh hujafika."

"Nikifika nitakuletea vitunguu saumu."

"Ulete na kichwa chako, usikisahau huko."

Wiki za kwanza macho yalikuwa kweli kwa mama. Alisoma mstari mmoja, akainua macho. Mstari mwingine, akainua macho. Baadaye aligundua kwamba namba zinaweza kwenda zenyewe, kama maksai waliozoea njia ya kurudi bomani. Kinywa kinasema saba, nane, tisa, huku macho yakimaliza aya nzima. Na ishirini ilikuwa ikifika yenyewe, akainua kichwa, akasema "kaa", Tekla akakaa. Hakuna kilichoharibika. Akajisifu moyoni kwamba akili yake bado ina njia mbili.

Wale vijana wa vyuma aliwadharau waziwazi. Walikimbia juu ya mashine wakiwa wamesimamisha simu mbele yao, wanaangalia mpira na watu wanaocheza muziki.

"Nyinyi mnaangalia upuuzi," aliwaambia. "Mimi nilijifunza kusoma huku nalima. Kitabu cha kisomo nilikifunga kwa kamba kwenye mkono wa plau. Maksai wanakwenda, mimi nasoma. Nikifika mwisho wa shamba, nimemaliza ukurasa."

"Na mstari wa plau ulinyooka, Mwalimu?" aliuliza Vicent.

"Ulinyooka kama rula."

Tekla, aliyekuwa kwenye kigoda, alikohoa kikohozi kile cha mtu anayemeza neno.

Vicent aliipenda sana hadithi ile. Jumatano moja alichukua picha aliyokuwa amempiga mzee juu ya baiskeli, miwani puani, jasho kwenye paji la uso, kishikwambi mbele yake. Akairusha kwenye kundi la watu wa mazoezi, na kwenye ukurasa wake ambao kila mtu anauona. Akaandika: *Mzee wa miaka 73. Anasoma huku anafanya mazoezi. Wewe unaangalia nini?* Kufika Ijumaa asubuhi watu zaidi ya mia mbili walikuwa wamejibu.

Ijumaa hiyo Margwe alipanda baiskeli, akaweka kishikwambi mahali pake. Hakufungua kitabu. Alifungua majibu.

*Huyu ndiye mzee wa mfano.* "Nne," alisema Margwe. "Tano." *Alimfundisha baba yangu kusoma, Mungu amzidishie.* "Tisa. Kumi." Miguu ilikanyaga. *Vijana tuone aibu.* *Mwalimu wa kweli hastaafu.* "Kumi na saba." Alikuwa akisoma polepole, kama mtu anayekula nyama aliyoingoja muda mrefu, na kila alipomaliza jibu moja kidole kilisogeza lingine. Helena alikuwa amekwenda mlangoni kumpokea mgonjwa mwingine. Vijana wawili waliokuwepo walikuwa na hedifoni masikioni. Ishirini ilikuja, ikapita, kinywa chake kikaendelea kuhesabu kwa sababu hakuna aliyekiambia kisimame. Tekla akageuka. Akaenda mpaka mwisho wa bomba, akageuka tena, yote mbele ya mume wake.

Jibu alilokuwa akisoma mwishoni liliandikwa na mtu aitwaye Tluway, wa Masieda, aliyekuwa mwanafunzi wake wa kisomo. *Mwalimu Margwe ana macho manne,* aliandika. *Hata ukikosea nyuma ya mgongo wake, anakuona.*

"Thelathini na nne," ilisema sauti ya Margwe. Kisha kishindo.

Alipofika chini kutoka kwenye baiskeli, Helena alikuwa ameshakimbia na kupiga magoti. Damu ilitoka juu ya jicho la Tekla, mahali paji lilipogonga bomba. Kifundo cha mguu wa kulia kilikuwa kimekunjwa vibaya chini yake.

"Alikuwa amefika ngapi?" aliuliza Helena, akibana jeraha kwa kitambaa. "Mwalimu! Amefika ngapi?"

Swali lilikuwa dogo. Margwe aliangalia mahali mke wake alipolala: hatua nne kutoka mwisho wa bomba, anarudi. Na akili ile aliyokuwa akijisifia ikafanya kazi haraka kuliko siku zote. Ikaona kwamba thelathini na nne na kumi na nne ni mahali pale pale. Ilibidi kukata ishirini tu.

"Kumi na nne," alisema.

Tekla, akiwa sakafuni, aliinua jicho moja akamtazama. Hakukuwa na hasira kwenye lile jicho. Kulikuwa na mshangao. Lakini mwanamke wa rika lake hamsahihishi mume wake mbele za watu.

"Kumi na nne," Helena alirudia, na uso wake ukabadilika. "Wiki mbili mfululizo ishirini hazimsumbui, leo anaanguka kwenye kumi na nne?" Akamfunga jeraha, akamkagua mkono, akamwambia atabasamu, atoe ulimi. Halafu akamvuta Margwe pembeni. "Baba, hili silipendi. Mguu unarudi nyuma. Inawezekana amepigwa na kiharusi kidogo tena bila sisi kujua. Mabomba basi kwa sasa. Akae kwenye kiti, apimwe, na mmuangalie kila saa. Kwenye nyumba ya watu wawili wazee sijui kama itawezekana."

Margwe alitikisa kichwa kukubali.

Alasiri ile nyumbani, Tekla akiwa amelazwa, kifundo kimevimba na paji limefungwa kitambaa cheupe, alimwita.

"Baba Judica. Kwa nini umesema kumi na nne?"

"Nilichanganyikiwa."

"Ilikuwa thelathini na nne. Nilikusikia."

Margwe akawa analinyoosha blanketi ambalo halikuwa limekunjamana.

"Nilifika kwenye kigoda," Tekla alisema, polepole, maana maneno marefu bado yalimchosha. "Nikataka kukaa. Nikakusikia unasema ishirini na moja. Nikasema moyoni, lo, leo mwenzangu ameona kitu kwenye mguu wangu, kitu ambacho mimi sikioni. Nikageuka. Thelathini, nikageuka tena. Nilichoka, lakini wewe hukusimama. Nikaona aibu kusimama peke yangu." Akamgeukia. "Ulificha ili Helena asikufokee kwa kunipitisha?"

Hapo mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi. Mtu mwingine angeingia. Margwe alisema, "Ndiyo."

Uongo wa kwanza alikuwa ameutunga mwenyewe. Huu wa pili alipewa mkononi na mke wake, safi, umekunjwa vizuri, naye akaupokea. Alijua pale pale kwamba huu ndio mbaya zaidi.

"Basi utamwambia," alisema Tekla, akifumba macho. "Helena hali watu."

Jumamosi Judica alifika kutoka Katesh. Ni mtoto wao wa kwanza, mwalimu wa shule ya msingi, mwalimu wa cheti, na amezoea kupanga watoto mia moja kwenye mistari. Aliingia, akampa baba yake shikamoo, akamshika mama yake mkono, akasikiliza habari zote mara moja tu.

"Mama anakuja kwangu," alisema. "Nina chumba, nina msichana wa kazi, hospitali iko karibu. Jumanne tunapita kwa Helena atuandikie maelezo, tunaondoka moja kwa moja."

"Kwa muda gani?" aliuliza Margwe.

"Baba, mguu unarudi nyuma. Nani anajua muda gani?"

"Na mimi?"

"Wewe una ng'ombe na shamba. Utakuja kututembelea."

Tekla alikuwa akisikiliza kutoka kitandani. "Nimeolewa Tlawi," alisema. "Kule kwenu upepo unakula vumbi na watu. Sitaki kufia kwenye upepo."

"Hakuna anayekufa, mama."

"Basi kama sifi, kwa nini nahamishwa?"

Judica akacheka, akatoka nje kupiga simu, lakini Margwe aliona jinsi mke wake alivyogeuza uso ukutani. Kila kitu ndani ya nyumba ile kilikuwa chake: mafiga, debe la mbegu, kuku watetea watatu waliokuwa wakilala chini ya kitanda chake kwa sababu ya baridi. Miaka hamsini na moja. Na sasa angebebwa kwa sababu ya namba kumi na nne. Tekla alimtazama mumewe mara moja. Alikuwa anangoja aseme mwenyewe.

Jumapili baada ya misa walikuja watu wa jumuiya, wamebeba maziwa na mayai. Mama mmoja jirani, Letisia, alisali sala ndefu, akamshukuru Mungu kwa ajili ya Mwalimu, mume asiyemwacha mke wake hata saa moja, anayemhesabia hatua zake kama mtoto. "Amina," walisema wote. Amina ya Margwe haikutoka. Mfukoni mwa koti kishikwambi kilitetemeka. Kilikuwa kimetetemeka hivyo tangu Ijumaa. Watu walikuwa bado wanamsifu. Alikipeleka chumbani, akakizima, akakiweka chini ya gunia la mahindi. Hata huko alihisi kama kinatetemeka.

Wageni walipoondoka alishuka mpaka shambani, ili tu asikae ndani. Mahindi yalikuwa yameshavunwa. Mabua yalisimama makavu. Shamba ni lile lile la mwaka ule wa kisomo. Alisimama kwenye pembe ambako zamani alikuwa akiingiza plau, na kama alivyozoea, akaiona picha ile aliyowasimulia watu mara elfu: maksai wawili, plau, kitabu kimefungwa kwa kamba, yeye mwenyewe kijana, midomo inatembea.

Safari hii picha haikukaa kimya. Maksai wale hawakuwa wakienda wenyewe. Mbele yao kulikuwa na mtu, ameshika kamba, anatembea kinyumenyume nusu ya safari ili aone kama mstari unanyooka. Alikuwa msichana mwembamba mwenye mimba ya Judica. "Kushoto kidogo!" alikuwa akipiga kelele. "Jiwe hilo! Inua! Sasa soma!" Na jioni, mgongo umemuuma, alikuwa akicheka kwamba leo wamelima ukurasa wa kumi.

Mstari ulinyooka kama rula kwa sababu Tekla ndiye aliyekuwa akiuangalia. Yeye Margwe hakuwahi kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Alifanya moja, na mke wake akafanya la pili. Kwa miaka hamsini alikuwa amesimulia hadithi ile na hakuwahi hata siku moja kumweka mtu aliyekuwa mbele. Na mtu huyo alikuwa akikaa hapo hapo, anasikiliza, anakohoa.

Alikumbuka methali aliyokuwa akiwaandikia wanafunzi wa kisomo ubaoni ili wajifunze mwandiko: mshika mawili moja humponyoka. Aliiandika kwa chaki labda mara mia mbili. Aliiandika vizuri sana.

Jumanne walipofika kwa Vicent, jambo la kwanza lililompokea Margwe lilikuwa uso wake mwenyewe. Vicent alikuwa ameichapisha ile picha kwenye turubai, kubwa kama mlango, akaitundika ukutani juu ya mabomba. *SOMA HUKU UNATOKA JASHO.*

"Shikamoo, Mwalimu! Unaionaje?" Vicent alikuwa anatabasamu mpaka magego.

"Marahaba. Iteremshe."

"Eh? Mzee, nimelipia turubai—"

"Iteremshe, mwanangu. Au iache, lakini usinisifu tena."

Vicent hakuelewa, akabaki na mikono kiunoni. Tekla aliketishwa kwenye kigoda. Judica alisimama nyuma yake na mkoba begani, tayari kwa safari. Bajaji ya Joakimu ilikuwa ikinguruma nje. Helena alikuwa mezani akiandika maelezo ya kupeleka Katesh. Alikuwa akisoma kwa sauti huku akiandika. "Mgonjwa alianguka katika hatua ya kumi na nne..."

"Si kweli," alisema Margwe.

Kalamu ikasimama.

"Hakuanguka kwenye kumi na nne. Alianguka kwenye thelathini na nne."

"Baba?" alisema Judica.

"Nilidanganya. Nilikata ishirini." Alikuwa amejipanga tangu jana jinsi ya kusema, kwa mpangilio, kwanza hili halafu lile, kama somo. Mpangilio wote ukapotea. "Nilihesabu nikampitisha kwenye kigoda. Sikumwambia akae. Sikuona amefika. Sikuona amegeuka, na amegeuka mara mbili. Nilikuwa nasoma."

Helena akaweka kalamu chini. "Ulikuwa unasoma," alisema taratibu, "na unahesabu."

"Namba zilikuwa zinakwenda zenyewe."

"Uliniambia macho yako kwa mama."

"Nilikuambia."

Judica alikuwa amekunja uso kama anaposahihisha daftari chafu. "Siku nne, baba! Siku nne mimi napanga kumtoa mama nyumbani kwake. Nimeomba ruhusa kazini. Helena anafikiri kapigwa tena. Na wewe umekaa hapo kimya, unakunywa chai!"

"Ndiyo."

"Mwanafunzi wangu wa darasa la pili angesema siku ile ile."

"Ndiyo," alisema Margwe. "Angesema."

Aliyebaki ni mmoja. Hakutaka kumtazama, kisha akamtazama. Tekla alikuwa amekaa wima kwenye kigoda, mkono wa kushoto umeshika ule wa kulia, paji bado na kitambaa.

"Ulikuwa unasoma nini?" aliuliza. "Habari za kiharusi?"

Uongo huu nao ulikuwa umekunjwa vizuri, umewekwa mkononi. Angesema ndiyo, nilikuwa nasoma jinsi ya kukusaidia, na nusu ya aibu ingeisha. Watu wote mle ndani wangeona huruma. Margwe akatikisa kichwa kukataa.

"Habari zangu," alisema. "Watu walikuwa wananisifu kwa sababu ya picha ile. Nilikuwa nasoma sifa zangu."

Vicent, nyuma kule, alianza kulifungua turubai ukutani bila kuambiwa tena.

"Kwa hiyo," alisema Tekla, "hukuona kitu kwenye mguu wangu."

"Sikuona."

"Mimi nilidhani umeona."

"Najua. Uliniambia, na nikakuacha udhani hivyo."

Tekla hakulia. Alitazama sakafu, pale alipoanguka, kwa muda ambao Margwe aliona ni mrefu kuliko miezi yote tangu mwezi wa kumi. Kama angemtukana kwa Kiiraqw mbele ya watu wote, angeshukuru. Hakumtukana.

Helena aliinuka mezani. Alisogea, akachuchumaa mbele ya Tekla, akakishika kile kifundo, akakikunja, akakinyoosha. "Mama," alisema, "thelathini na nne ulikwenda mwenyewe? Hakuna aliyekushika?"

"Nani angenishika? Wewe ulikuwa mlangoni, na huyu alikuwa Dongobesh."

Helena akajizuia kucheka, akashindwa. "Basi huu si mguu unaorudi nyuma," alimwambia Judica. "Huu ni mguu uliochoka. Mtu wa hatua ishirini amekwenda thelathini na nne bila kupumzika, hata mimi ningeanguka. Kupimwa apimwe, hilo silifuti. Lakini sina la kuandika la kumhamisha." Akaichukua ile karatasi mezani, akaichana vipande viwili.

Judica alishusha mkoba. Hakumtazama baba yake. "Nitakaa mpaka Ijumaa," alisema. "Nione mwenyewe."

"Nipelekeni kwenye mabomba," alisema Tekla.

"Leo? Kifundo bado kina uvimbe."

"Hatua chache tu. Nimekuja mpaka hapa kwa bajaji, sirudi bila kutembea." Akashikwa, akasimama, mikono ikapata chuma. Halafu akageuza kichwa. "Helena atahesabu. Wewe, Baba Judica, kaa pale chini, mbele yangu. Usihesabu. Usiseme kitu. Angalia."

Margwe alikaa sakafuni, mwisho wa mabomba, miguu ameikunja kama mtoto wa darasa la kwanza, mikono mitupu magotini. Baiskeli ilikuwa upande wake wa kushoto na kishikio chake kitupu. Hakuigeukia.

"Moja," alisema Helena. "Mbili."

Aliutazama mguu. Aliutazama kama alivyotazama herufi za kwanza maishani mwake, zile za darasa la jioni, moja moja, bila kujua bado zinasema nini. Unyayo uliburutwa kidogo kabla ya kuinuka. Kidole gumba kilitangulia. Kulikuwa na kovu dogo juu ya kifundo, la jembe, la zamani, alikuwa amelisahau. Kila mguu ulipotaka kutua, goti lilifanya jambo moja, tena, na tena.

"Nane," alisema Helena. Tekla alisimama. Jasho lilikuwa limemtoka chini ya kitambaa cha paji. Judica alimletea kigoda pale pale alipokuwa, akakaa, akapumua. Halafu akamtazama mumewe pale chini.

"Umeona nini?"

"Goti la kulia," alisema Margwe. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Linatetemeka kabla kisigino hakijagusa chini. Kila hatua."

"Limeanza lini?"

"Sijui. Mimi nimeliona leo."

Helena aliangalia pembeni, akapangusa bomba kwa kiganja ingawa halikuwa na kitu.

"Linatetemeka tangu Januari, Mwalimu," alisema.

Tekla alinyoosha mkono wake mzima, apewe msaada wa kusimama tena.